Mzazi Anaporudi Nyumbani: Historia ya Tiba ya Uraibu na Haki za Watoto Wetu

Maandishi ya mhadhara wa Ramadhani uliotolewa baada ya futari mbele ya wanajumuiya wetu wa Minneapolis na Saint Paul



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: usiku wa leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo katika mikusanyiko yetu husemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya mwenye nalo kuondoka. Ni habari ya mzazi aliyetekwa na ulevi au dawa za kulevya, kisha akapata nafuu, kisha akarudi katika nyumba aliyoijeruhi. Ya kuanguka kwake tumeyasikia sana, na mengi katika hayo ni ghiba tuliyoivika joho la nasaha. Ya kurudi kwake hatuyazungumzi, kana kwamba akishaacha kileo basi kazi imekwisha.

Tumechagua njia ya historia kwa sababu moja. Aibu humwambia kila mwenye nyumba kwamba msiba huu umeanza kwake, na kwamba hakuna mlango uliopata kufunikwa na giza kama wake. Historia humjibu kwamba wengi wamepita hapa, na kwamba njia waliyoipita inajulikana. Tena historia yenyewe haiko mbali nasi. Sehemu yake kubwa imetendeka katika jimbo hili hili la Minnesota, na moja katika nyumba zake mashuhuri iko mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa tulipoketi.

Kijana aliyemwaga mvinyo

Lakini tuanzie Madina. Wengi wetu tunajua kwamba pombe haikuharamishwa kwa mara moja. Kwanza watu walielezwa katika Suratul Baqara kwamba madhara yake yanashinda manufaa yake. Kisha katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala hali ya kuwa wamelewa. Kisha katika Suratul Maida likaja katazo la mwisho. Wanazuoni wameona katika utaratibu huu rehema na ujuzi wa tabia ya mwanadamu: moyo uliozoea kitu kwa miaka haung'olewi kwa siku moja bila kutayarishwa.

Tunachopenda mkitazame usiku huu ni nani aliyetusimulia siku ile ya mwisho. Ni Anas bin Malik (R.A.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Anas hakuwa mgeni katika baraza lile. Alikuwa mdogo wao wote, na ndiye aliyekuwa akiwanywesha wakubwa katika nyumba ya Abu Talha, mume wa mama yake, Ummu Sulaym. Mnadi alipopita akitangaza, Abu Talha alimwamuru kijana yule yule aliyekuwa akimimina vikombe atoke akaumwage mvinyo. Akaumwaga, ukatiririka katika vichochoro vya Madina.

Hatusemi kwamba wote waliokaa pale walikuwa waraibu. Historia haisemi hivyo. Twasema tu kwamba shahidi wa tukio lile alikuwa mtoto wa nyumba. Alikuwa ameshika kikombe, aliwaona wakubwa wakinywa, na aliwaona wakubwa wakiacha. Aliyaishi maisha marefu na hakuisahau siku ile. Kila mzazi na ajue kwamba naye ana shahidi wa namna hiyo chini ya paa lake, na kwamba shahidi huyo huandika yote mawili, kuanguka na kusimama.

Na tukitazama tena, tutaona kwamba mji mzima uliacha pamoja. Aliyekuwa dhaifu alikuwa na jirani aliyemwaga wake pia. Mzazi wetu wa hapa Minneapolis hana neema hiyo. Huacha peke yake, katika mji wenye duka la pombe kila baada ya mitaa michache, na mara nyingi huacha kwa siri, kwa kuwa hata kukiri kwamba anaacha ni kukiri kwamba alikuwa akitumia.

Imepokewa pia na Bukhari habari ya mtu mmoja wa Madina aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kosa la kunywa, akawa anaadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa kule kurudia kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, na akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ya sheria haikufutwa, lakini mlango wa umma haukufungwa. Mtu aliyeanguka mara nyingi alibaki ndugu mwenye mapenzi ndani ya moyo wake.

Shamba la Willmar na nyumba ya Center City

Sasa tuje hapa tulipo. Mwaka 1912 jimbo la Minnesota lilifungua huko Willmar, magharibi ya miji hii miwili, hospitali iliyokuwa shamba la kuwaweka walevi. Fikra ya zama zile ilikuwa kumtoa mtu katika nyumba yake, kumfungia mbali, na kumfanyisha kazi. Baadaye hospitali ile ikachanganya walevi na wagonjwa wa akili, milango ikiwa imetiwa kufuli.

Mnamo mwaka 1950 uongozi wa Willmar ulishikwa na daktari Nelson Bradley, naye akafanya kazi pamoja na mtaalamu wa saikolojia kijana aitwaye Daniel Anderson. Wawili hawa walifanya mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida, lakini wakati ule yaliwashtua watu. Walizifungua kufuli za wodi za walevi. Walisema kwamba ulevi ni maradhi yanayojitegemea, yanayogusa mwili, akili, roho na jamaa za mgonjwa. Kisha wakawaleta watu waliokuwa walevi zamani, waliokwisha kupata nafuu, wakae na wagonjwa kama washauri wenye mshahara. Daktari na aliyekuwa mlevi wakakaa meza moja.

Wakati huo huo, mwaka 1949, nyumba nyingine ilikuwa imefunguliwa katika shamba lililo karibu na Center City, kaskazini mashariki yetu. Iliitwa Hazelden, jina lililotokana na Hazel, mke wa aliyekuwa mwenye shamba. Masharti ya mwanzo ya nyumba ile yalikuwa machache mno: mtu asinywe, awe na mwenendo wa heshima, ahudhurie mihadhara, azungumze na wenzake, na kila asubuhi atandike kitanda chake. Twaomba mlihifadhi hili la kitanda, tutalirudia. Mwaka 1956 ikafunguliwa huko White Bear Lake nyumba ya wanawake, iitwayo Dia Linn, na hapo mama aliyekuwa akifichwa na jamaa zake akapata mahali pa kutibiwa. Anderson alihamia Hazelden mwaka 1961, na utaratibu uliokomaa baina ya Willmar na Center City ukaenea ulimwenguni kwa jina la jimbo letu.

Mke, watoto, na ukweli uliosemwa kwa upendo

Hata hivyo, kwa muda mrefu mgonjwa alitibiwa na nyumba yake ikasahauliwa. Waliolirekebisha kosa hilo walikuwa wake na watoto wenyewe.

Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, kwa kukutana kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith. Mkewe Bill, Lois, alikuwa ameomba miaka mingi mumewe aache pombe. Akaacha. Kisha siku moja mume alipomhimiza wasichelewe mkutano wao, Lois akajiona ameokota kiatu na kumtupia. Yeye mwenyewe alistaajabu. Lile aliloliomba limepatikana, ghadhabu hii yatoka wapi? Katika kujihoji huko alitambua kwamba naye alikuwa ameumia, kwamba maisha yake yote yalikuwa yamejengwa juu ya kumlinda na kumsimamia mlevi, na kwamba mumewe kupona hakukuwa kupona kwake. Mwaka 1951 yeye na mwenzake wakaanzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi. Mwaka 1957 kijana mmoja wa California, ambaye baba yake alikuwa katika mikutano ya walioacha na mama yake katika Al-Anon, akaanzisha mikutano ya vijana, Alateen.

Hapa hapa Minneapolis, mwaka 1966, kasisi wa Kianglikana Vernon Johnson, aliyekuwa mwenyewe ameponea ulevi, alianzisha taasisi iliyobeba jina lake. Watu wa zama zake waliamini kwamba mlevi hasaidiki mpaka apoteze kila kitu. Johnson alipinga. Alisema mlevi aweza kufikiwa mapema, iwapo wale anaowapenda watakaa naye pamoja, kwa upole na bila matusi, kila mmoja ataje tukio maalumu alilolishuhudia, na tiba iwe imekwisha tayarishwa.

Utaratibu wa namna hiyo ulitumika katika nyumba mashuhuri kuliko zote. Tarehe 1 Aprili 1978 Betty Ford, mke wa Rais aliyestaafu Gerald Ford, alikalishwa na mumewe na watoto wake nyumbani kwao California. Dawa za maumivu na pombe vilikuwa vimemteka kwa miaka mingi. Binti yake Susan, wakati huo hajafika miaka 21, ndiye aliyelisukuma jambo hilo. Wakamweleza mmoja mmoja yale waliyoyaona. Mama akalia, akaghadhibika, kisha akakubali kutibiwa. Mwaka 1982 alishiriki kufungua kituo cha tiba kilichoitwa kwa jina lake. Mmoja wa wanawe, aliyekuja kupambana na pombe yeye mwenyewe, alisema hadharani kwamba mfano wa mama yake ulimsaidia kuomba msaada. Na mwaka 2005 mama alipouacha uenyekiti wa kituo kile, aliyeupokea alikuwa Susan, binti yule yule aliyethubutu kumwambia ukweli. Mwaka 2014 kituo hicho kikaungana na Hazelden ya Center City.

Ndugu zetu, hatusimulii habari ya watu wakubwa kwa kupenda ukubwa. Twaisimulia kwa sababu ya ile miaka 27 iliyo baina ya 1978 na 2005. Siku ya kusema ukweli ilikuwa moja. Kujenga amana baina ya mama na binti ni kazi iliyochukua miaka.

Pwani yetu

Wako watakaosema kwamba haya ni ya Wazungu. Basi tuvuke bahari.

Heroini ilianza kuingia katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1980, ikipita katika njia zile zile za bahari zilizokuwa zikileta nguo na tende. Kwanza ilivutwa, baadaye, ulipokuja unga mweupe, wengi wakaanza kujidunga. Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na Unguja zote zikaonja msiba. Lugha yetu nayo ikazaa maneno: unga, arosto, teja. Neno hili la mwisho husemwa kwamba limetokana na mteja. Mwanadamu mwenye jina alilopewa siku ya saba akabakia mnunuzi tu. Nyumba nyingi zilimfukuza mwenye ugonjwa baada ya kuuza redio, kisha mabati, kisha dhahabu ya mama yake. Hatuwalaumu waliofunga milango. Mwenye kuungua ndiye ajuaye joto la moto. Lakini waliofukuzwa wengi walikuwa na watoto, na watoto hao walikua wakimwona baba yao barazani kwa watu, wakafundishwa kupita upande wa pili wa njia.

Katika miaka ya 1990, Malindi ikapata Mradi wa Omari, uliowatibu watumiaji wa heroini wa pwani ya Kenya. Na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ikafunguliwa Unguja nyumba ya kwanza ya upataji nafuu, ile ambayo watu huiita soba hausi, kwa ushirikiano na watu wa Detroit. Nyumba hizo ziliendelea kuongezeka visiwani na kisha Tanzania Bara. Ukiingia katika mojawapo utayakuta mambo ya Willmar: waliopata nafuu ndio wanaowaongoza wanaotafuta nafuu, siku ina mikutano na kazi zilizogawanywa, na kila mtu hutandika mahali pake pa kulala. Lakini utayakuta yaliyo yetu pia: adhana inapolia, watu husimama safu moja.

Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianzisha tiba ya methadoni, ikiwa huduma ya kwanza ya aina hiyo ya serikali katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Kenya ikafuata, Nairobi mwishoni mwa 2014 na pwani mwaka 2015, na Zanzibar nayo mwaka huo. Mgonjwa huja kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, kisha huenda kazini kwake. Hupungukiwa na ile haja ya kutafuta fedha kila baada ya saa chache, na jioni huweza kukaa na wanawe.

Wako wanaosema kwamba huyo hajaacha, amebadilisha tu dawa kwa dawa. Tunawajibu kwa upole kwamba hata Hazelden, iliyokaa zaidi ya miaka 60 ikitegemea kuacha kwa mikutano na ushauri, ilianza mwaka 2012 kutumia dawa ya buprenofini kwa wenye uraibu wa afyuni, kwa kuwa iliona wagonjwa wake wakitoka na kufa. Hakuna amwambiaye mwenye kisukari kwamba insulini yake ni udhaifu wa imani.

Haki isiyosamehewa kwa ujumla

Katika safari yote hii, kutoka Madina hadi Unguja kwa kupitia Willmar, jambo moja hurudi. Nalo ni kwamba kuacha si kurudi. Kuacha ni mlango; kurudi ni kuingia ndani na kulipa.

Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ameeleza kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Lakini ikiwa dhambi inahusu haki ya mwanadamu, sharti la nne huongezeka, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwomba radhi. Kitabu cha Alcoholics Anonymous kilichotoka mwaka 1939 nacho humtaka anayepona aorodheshe aliowadhuru na kuwalipa fidia moja kwa moja, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi. Watu wa mataifa na zama mbalimbali wamefika katika kizingiti kimoja.

Sasa tujitazame sisi. Kila usiku wa kuamkia Ramadhani tunatuma ujumbe wa simu kwa watu mia mbili: tusameheane, kama nimekukosea nisamehe. Ni desturi nzuri baina ya majirani. Lakini je, ujumbe huo unamtosha mtoto?

Tunazijua nyumba zetu. Yuko mtoto aliyejifunza, kabla hajajua kusoma, kuitambua hali ya baba kwa sauti ya ufunguo mlangoni. Yuko binti wa miaka kumi na miwili aliyepelekwa hospitalini kuwa mkalimani, kwa kuwa Kiingereza chake ndicho kilicho fasaha katika nyumba, akalazimika kutamka mbele ya daktari idadi ya chupa za mama yake, huku mama akimtazama. Yuko mvulana aliyeambiwa siri ya nyumba haitoki nje, akaibeba hadi shuleni, akafeli, na sote tukasema mtoto huyu mvivu. Haki za watoto hawa zina majina na zina tarehe. Haziwezi kufutwa na neno "kama". Mzazi anayerudi na aseme: usiku ule nilikuacha mlangoni kwenye baridi, fedha zile za viatu vyako nilizichukua mimi, siku ile nilikwambia udanganye kwa ajili yangu, na hilo halikuwa jukumu lako. Aseme, kisha anyamaze asikilize. Asitake jibu usiku huo huo.

Na hapa tunawageukia wazee wenzetu, kwa heshima. Mara nyingi baba akirudi kutoka matibabu tunamwita mwanawe na kumwambia: huyu ni mzazi wako, radhi iko miguuni pake, msamehe yaishe. Tumesema neno la haki, tumeliweka mahali pasipo pake. Ndiyo, Suratul Israa imetuamrisha kuwafanyia wema wazazi na kuwasemesha kwa heshima, na amri hiyo haina mjadala. Lakini kumheshimu mzazi ni jambo moja, na kumwamini tena ni jambo jingine. Heshima huamrishwa. Amana hujengwa. Mtoto aweza kumwandalia baba yake futari kwa adabu zote, na bado mkono wake ukatetemeka asikiapo ufunguo mlangoni. Huo si utovu wa adabu. Ni jeraha, na jeraha halifungwi kwa kukemewa.

Vivyo hivyo hatuwaruhusu vijana wetu kuufunga mlango milele kwa kisasi. Abu Talha, yule mwenye nyumba iliyomwagwa mvinyo, ndiye aliyekuja kuitoa bustani yake aliyoipenda kuliko mali zake zote, Bayruha, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aigawe kwa jamaa zake. Mtu haandikwi kwa ukurasa mmoja.

Yanayotupasa

Tunayo maneno machache ya kutenda kabla ya Isha.

La kwanza, tuache majina. Aliyepata nafuu aitwe kwa jina lake. Tusimwulize habari zake katika arusi, wala tusimpandishe mimbarini baada ya wiki mbili awe mfano wa vijana, tumwache apone.

La pili, kuteleza si kuanguka, lakini kuteleza kwaweza kuua. Mtu aliyekaa muda bila afyuni mwili wake husahau kuihimili, na kipimo alichokizoea zamani chaweza kumuua, hasa siku hizi ambapo fentanili imechanganywa katika vitu vingi. Kila nyumba iwe na nalokisoni, dawa inayopulizwa puani. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2014, iitwayo Steve's Law kwa jina la mkazi wa jimbo hili aliyefariki kwa dawa hizo, inamruhusu mtu wa kawaida kuitumia, na inampa kinga ya mashitaka fulani anayepiga 911 kumwokoa mwenzake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, tusingoje kuumbuliwa.

La tatu, mke, mume na watoto wa mgonjwa nao watafutiwe tiba, hata kama mgonjwa mwenyewe amekwisha kuacha. Kiatu cha Lois kitukumbushe. Na mtoto asifanywe tena mkalimani wa maradhi ya mzazi wake. Kuomba mkalimani hospitalini ni haki yetu.

La mwisho ni kwa wewe mzazi ambaye uko nasi usiku huu, na hatukujui, wala hatutaki kukujua. Tulikuomba ukihifadhi kitanda cha Center City. Wale watu hawakuanza kwa kumtaka mlevi arekebishe ndoa yake au alipe madeni yake yote. Walimtaka atandike kitanda, na kesho atandike tena. Mwezi huu umekupa kitanda chako. Zimebaki siku kadhaa za Ramadhani. Waamshe wanao kula daku. Waamshe wewe, kwa sauti tulivu, chai ikiwa tayari mezani. Wa kwanza ataamka kwa shaka. Wa pili huenda asikujibu. Usihutubie, usidai shukrani. Kesho waamshe tena. Haba na haba hujaza kibaba, na mtoto aliyejifunza hofu kwa sauti ya ufunguo aweza kujifunza amani kwa sauti ya mlango wa chumba ukigongwa polepole kabla ya alfajiri.

Ewe Mola wetu, wafungulie waliofungwa na uraibu, warudishe wazazi kwa watoto wao na watoto kwa wazazi wao, wasitiri waliositirika, uwarehemu waliotangulia kwa maradhi haya, na uzijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa kurudi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.